Nikiuliza mapato ya kijiji, namfungulia adui mlango?

SWALI

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 46, nalima korosho na ufuta katika kijiji kimoja kando ya Mto Ruvuma, mkoa wa Mtwara. Kwenye mkutano wa kijiji uliopita nilisimama nikauliza makato ya korosho zetu yanakwenda wapi, na kwa nini mapato na matumizi ya kijiji hayajasomwa tangu mwaka jana. Ofisa mmoja aliyetoka wilayani akanijibu mbele za watu kwamba hapa ni mpakani, ng'ambo kuna magaidi, na maneno kama yangu yanavunja umoja na kumfungulia adui mlango. Nikakaa. Nyumbani mume wangu akasema ofisa yuko sahihi, bila serikali yenye nguvu yaliyotokea Kitaya yangetokea kila siku. Mwanangu wa kidato cha sita akasema hizo ni hadithi za kutunyamazisha, serikali kuu ikiwa na nguvu ndiyo inayowaonea watu wa kusini, na kwamba Marekani kila jimbo linajiamulia mambo yake. Tungekuwa na jimbo letu gesi isingetoka. Nani yuko sahihi? Na kuna jambo la mwisho. Mtoto wa dada yangu amevuka kutoka Msumbiji, yuko kwangu tangu Machi. Ana miaka 19, hana karatasi yoyote. Nikimtaja naogopa watamrudisha. Nisipomtaja naogopa kuambiwa naficha watu."

JIBU

Marahaba, mama. Barua yako niliisoma kimya kimya kwanza, kisha nikaisoma kwa sauti ili mke wangu asikie, maana yeye kwao ni huko huko bondeni. Nilipofika kwenye neno "nikakaa" aliguna tu. Basi na mimi nimeelewa kwamba uzito wa barua uko hapo.

Umefunga mambo matatu kwenye kitambaa kimoja. La kijana wa dada yako ndilo la haraka kuliko yote, lakini nimeliweka mwisho kwa sababu linategemea haya mengine. Kama huna muda, nenda huko kwanza, haya utayasoma baadaye ukiwa unabangua.

Nianze na mwanao, kwa kuwa vijana wakikosea nusu huwa wanakosea kwa kujiamini. Hatari ya ng'ambo si hadithi. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, na tangu siku hiyo vita ile haijazimika kabisa. Machi 2021 waliingia Palma, mji usio mbali na mdomo wa Ruvuma yetu. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake mkubwa wa gesi pale Afungi. Upande wetu, Oktoba 2020, walivuka mto wakaingia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Haya hayakutungwa na ofisa wa wilaya.

Na kabla ya hapo tulikuwa na Kibiti. Kati ya 2015 na 2017, maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliuawa viongozi wa vijiji na vitongoji mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 wakauawa askari polisi wanane kwa siku moja. Nataka uangalie waliolengwa. Wauaji hawakwenda kwanza kwenye kambi ya jeshi. Walikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, kwa mtu wa kawaida anayejua nani kaingia kijijini na nani katoka. Walijua macho ya nchi yako wapi. Hili lishike, tutalirudia.

Sasa mume wako. Anasema serikali iwe na nguvu, na kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Kijiji hakiwezi kujilinda dhidi ya watu wenye bunduki za kivita. Mkoa hauwezi kuweka mkataba na Maputo wala kupeleka askari ng'ambo. Julai 2021 nchi za kusini mwa Afrika zilipopeleka kikosi cha pamoja Cabo Delgado, na sisi tukiwemo, hiyo ilikuwa kazi ya serikali kuu, na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mitatu mpaka kikosi kilipomaliza muda wake Julai 2024. Hata daraja la Mtambaswala tunaloliita Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, halikujengwa na halmashauri ya Nanyumbu.

Pwani yetu ilikwishajifunza gharama ya kutokuwa na nguvu hiyo. Ukifika Kilwa Kisiwani, vuka kwa mashua asubuhi, jua halijawa kali, ukakae kwenye msikiti ule mkuu. Mji huo ulikuwa unapokea dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliusifu uzuri wake. Lakini pwani nzima haikuwa nchi moja. Kila mji na mfalme wake, kila mfalme na ugomvi wake na jirani. Wareno walipofika mwaka 1498, Mombasa iliwakataa, na Malindi ikawapokea kwa sababu ilikuwa na uhasama na Mombasa. Mwaka 1502 Vasco da Gama akaja Kilwa kudai kodi. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na kundi la merikebu, na mji ukaanguka siku hiyo hiyo. Mtawala wa Kilwa wakati huo, Ibrahim, alikuwa hakubaliki na wengi kwa namna alivyolipata jumba la enzi, na Almeida hakuhangaika kutafuta mtu wa kumweka badala yake. Alimkuta humo humo mjini, Muhammad Ankoni, akamvika taji. Wiki chache baadaye Mombasa nayo ikachomwa moto. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nadhani aliyesema alikuwa mtu wa pwani.

Mgeni mwenye nia mbaya ni mara chache aje na nguvu zake peke yake. Anatafuta ugomvi uliopo tayari, anaupalilia, kisha anaegemea upande mmoja. Hapo ofisa wako hakusema uongo. Amekosea kwingine, na nitakuja huko.

Mwanao ametaja Marekani. Namsifu kwa kusoma, ila amechukua mfano unaomwunga mkono baba yake. Wamarekani walianza hivyo hivyo anavyotaka yeye. Walipojitoa kwa Waingereza walikuwa majimbo 13, na mkataba wao wa kwanza wa muungano, ulioanza kutumika mwaka 1781, uliiacha serikali ya kati bila hata uwezo wa kutoza kodi. Ilikuwa inaomba michango kwa majimbo, na majimbo yanatoa yakipenda. Matokeo yake Waingereza waliendelea kukalia ngome za mpakani ambazo kwa mkataba wa 1783 walipaswa kuziacha. Mwaka 1784 Wahispania wakawafungia njia ya Mto Mississippi kusini. Mwaka uliofuata maharamia wa Algiers wakateka meli zao, na hapakuwa na jeshi la majini la kuzikomboa. Ndipo mwaka 1787 wakaandika katiba mpya mjini Philadelphia yenye serikali ya kati iliyo na meno. Mmoja wa walioitetea magazetini, John Jay wa New York, aliandika makala nne mfululizo juu ya jambo hili tu: kwamba wakigawanyika vipande vitatu au vinne, Uingereza, Ufaransa na Hispania zitawachezesha kipande kimoja dhidi ya kingine. Hakuijua Kilwa, lakini alikuwa anaisimulia.

Ila mwambie kijana asikate tamaa, habari haikuishia hapo. Watu wengi wa majimbo yale walisema hatuipi serikali hiyo nguvu zote bila sharti, na mwaka 1791 yakaingizwa marekebisho kumi kwenye katiba. La kwanza kabisa linataja haki ya watu kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko yao serikalini. Waliona nguvu ya kati na haki ya kuuliza ni lazima zije pamoja.

Turudi nyumbani. Tanganyika ya Januari 1964 ilikuwa dhaifu kiasi kwamba askari wake wenyewe waliasi, na Nyerere ikabidi awaombe Waingereza, wale wale tuliotoka kuwaaga, warudi kuzima maasi. Aibu ile ndiyo iliyozaa JWTZ Septemba mwaka huo, jeshi lililosukwa upya. Na mpaka wetu huu wa Ruvuma ulikuwa wa moto. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza vita Septemba 1964, Nachingwea ikawa kambi yao kubwa ya mafunzo, na Wareno wakawa wanavilipua vijiji vya huku kwetu na kutega mabomu ya ardhini njiani.

Mimi ni mtoto wa Newala. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka minane. Ukisimama pale Shimo la Mungu jioni unaona bonde lote la Ruvuma na moshi wa mashamba ya ng'ambo, na sisi watoto tulikatazwa kwenda kuchungulia. Tukisikia ndege usiku, koroboi zote zinazimwa. Na kila jioni, kabla ya koroboi kuzimwa kwa ajili ya kulala, balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anapita mlango kwa mlango. Mzee mwembamba, penseli sikioni, mkononi daftari la shule lililokunjwa mara mbili. Swali lake lilikuwa moja: "Mmelala wangapi leo?" Bado hatujalala, lakini ndivyo alivyouliza.

Mwaka huo alikuja kwetu mjomba wa mama kutoka upande wa Mueda, amevuka usiku, mguu umevimba. Siku mbili za kwanza mama alipoulizwa alijibu "saba", na mjomba amelala nyuma ya ghala la mihogo. Hakuwa anamchukia balozi. Alikuwa hamwamini bado.

Siku hizo duka la ushirika lilikuwa limeishiwa chumvi wiki nzima, watu wanalalamika kisimani, na kisima cha Newala nacho unajua kilivyo, ni safari ya nusu siku kushuka bondeni. Balozi alisikia malalamiko. Hakumwambia mtu kwamba anavunja umoja wakati wa vita. Alipanda baiskeli akaenda ofisi ya chama, akalala huko, siku ya pili jioni akarudi na nusu gunia la chumvi limefungwa kwenye keria kwa kamba ya mkonge. Akagawa kwa kopo. Jioni ile ile akapita na daftari lake: "Mmelala wangapi leo?" Mama akasema, "Wanane. Kuna mjomba wangu wa ng'ambo, anaumwa mguu." Mzee akaandika. Kesho yake akaja na mtu wa zahanati.

Nimefundisha historia na siasa zaidi ya miaka thelathini, na sijapata mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko ile chumvi. Serikali ya wakati ule ilikuwa na jeshi na mgambo, na mizinga ilikuwepo. Lakini kilichomfanya mama aseme "wanane" ni kwamba mtu yule yule aliyekuwa anapeleka habari juu alikuwa pia anashusha majibu. Njia ya habari ni kama njia ya miguu porini. Ikipitwa upande mmoja tu, nyasi zinaota haraka.

(Wasinielewe vibaya wasomaji wengine: enzi ile haikuwa pepo. Mwaka 1972 huo huo halmashauri zilifutwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikafutwa, mambo yakawa yanaamriwa kutoka juu. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuzifuta pamoja na ushirika lilikuwa kosa. Mtu aliyeamini sana katika serikali moja yenye nguvu ndiye aliyesema hivyo.)

Sasa itazame Cabo Delgado kwa jicho hilo la chumvi. Msumbiji haikukosa serikali kuu. Ilikuwa nayo, na jeshi pia, lakini Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Palma. Miaka kadhaa kabla ya 2017 viongozi wa Kiislamu wa huko huko kaskazini walikwishawaona vijana wa kikundi kile wakijitenga na kukataa shule na serikali, wakatoa taarifa kwa wakubwa. Taarifa hazikufanyiwa kazi ya kutosha. Mapema mwaka 2017 wachimbaji wadogo wa rubi kule Montepuez walifukuzwa kwa mabavu. Mashambulizi yalipoanza, jibu la kwanza lilikuwa kukamata watu wengi kwa pamoja na kufunga misikiti. Watafiti bado wanabishana chanzo hasa ni nini, wengine wanasema itikadi, wengine umaskini, wengine uhasama wa makabila na magendo ya pwani, na mimi nadhani ni chungu chenye viungo vyote hivyo. Lakini jambo moja silitilii shaka: waliokuwa na habari walizipeleka, na njia ilikuwa imeota nyasi.

Kwetu tuna la kujifunza lililo karibu zaidi. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kwa maelfu kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, Januari 2013 vurugu zikatokea, na tarehe 22 Mei, bajeti ya nishati ilipokuwa inasomwa Dodoma, mji ukawaka. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Mimi, na mwanao anisamehe, sikuwa upande wa "gesi haitoki". Bandari ya Mtwara hatukuijenga kwa korosho zetu peke yetu. Na ukienda Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa Msumbiji, soma majina: kuna majina ya kila kona ya nchi hii. Huwezi kuwaomba watu wa Mara na Tabora walinde mto wako kisha ukawaambia gesi ni yako. Lakini upande wa pili ulikuwa na hoja nzito. Watu waliahidiwa viwanda, mahoteli na ajira, viwanja vikapanda bei, vijana wakaanza kujifunza Kiingereza cha mafuta na gesi, halafu bomba likaja kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Walioeleza walieleza wamechelewa. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015 na gesi inakwenda Dar es Salaam. Nilichojiambia siku ile ya Mei, nikiwa nimejifungia ndani na wajukuu wawili, ni hiki: hakuna mgeni hata mmoja aliyevuka mto kuja kuwasha moto huu.

Kwa hiyo nimjibu ofisa wako. Aliposema mgawanyiko unamfaa adui, alisema kweli. Aliposema swali lako ni mgawanyiko, alikosea, na kwa kijiji cha mpakani kosa hilo ni la hatari kuliko hata swali lenyewe lingekuwa. Mwanamke aliyeuliza wazi akaambiwa anamsaidia gaidi, kesho akiona mtumbwi usioujua umeegeshwa kwenye matete, atakwenda kumwambia nani? Atafikiri mara tatu. Na adui anachohitaji ni hizo mara tatu tu.

Tena swali lako si la ukaidi, ni la kisheria. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria namba 7 ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na mapato na matumizi ni lazima yasomwe humo. Mkutano unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Na Katiba hiyo hiyo ndiyo inayotaja umoja wa taifa.

Yako maneno ambayo kweli yanamfungulia adui mlango, na ni haki uyajue ili usichanganye. Kupiga picha doria ya askari na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Kusambaza uvumi kwamba kijiji fulani kimevamiwa bila kuwa na uhakika. Kusema Wamakonde wa ng'ambo wote ni magaidi, au Waislamu wote, au kwamba watu wa bara wamekuja kutumaliza. Kumuuzia ufuta wako mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, na kumficha kwa sababu anavusha mizigo usiku bila kuuliza ni mizigo gani. Haya yakemee hata kama anayesema ni ndugu yako. Lakini "makato yangu yamekwenda wapi" halimo kwenye orodha hii, na halitakuwamo.

Ulizeni tena. Safari hii usiende peke yako, na swali liandikwe. Andika kwenye karatasi moja, muweke saini watu watano au sita, mkabidhi mtendaji wa kijiji nakala na mbaki na yenu. La makato lipelekeni pia kwenye AMCOS yenu, yaani chama cha msingi cha ushirika, mkiwa na stakabadhi za ghalani, kwa maana bila stakabadhi mazungumzo yanakuwa ya hewani. Wakikwama, diwani, kisha ofisi ya mrajis msaidizi wa vyama vya ushirika mkoani. Mkishuku wizi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Semeni kwa adabu, msitaje siasa ya chama chochote, na siku ya mkutano ukisimama usikae mpaka uone swali lako limeandikwa kwenye muhtasari.

Kuhusu sera ya majimbo anayoitaka mwanao, ni mjadala halali na wenye hoja pande zote, awe huru kuutetea. Ila kwenye mtihani asiandike kwamba Marekani ni ushahidi wake. Watamkata maksi.

Sasa kijana wa dada yako.

Usiendelee kumficha. Najua unaogopa nini, na sitakudanganya kwamba hofu yako haina msingi. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lililalamika hadharani kwamba maelfu ya watu waliokimbia kutoka Msumbiji walirudishwa bila kusikilizwa. Jambo hilo linaweza kutokea tena. Lakini pima na upande wa pili. Kijana wa miaka 19 asiye na karatasi, aliyejificha mpakani, akikutwa kwenye msako hana neno la kujitetea, na wewe huna pia. Akijitokeza mwenyewe, akisindikizwa na wewe na mwenyekiti, anakuwa mtu mwenye jina na habari inayoeleweka. Tanzania imeridhia mikataba ya wakimbizi na ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Anayekimbia vita ana haki ya kuomba hifadhi na kusikilizwa. Haki hiyo anaidai mtu anayeonekana.

Utaratibu niupendao mimi ni huu. Anza na mwenyekiti wa kitongoji, nyumbani kwake, bila kelele, umweleze kama ulivyonieleza. Kabla ya kwenda Uhamiaji mtafuteni msaidizi wa kisheria. Wilaya nyingi wanao waliosajiliwa, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza. Nendeni naye ana kwa ana, usitume ujumbe wa simu wala mtu wa kati anayedai ana "njia". Ukimwona mtu anakuuzia cheti cha kuzaliwa au kadi ya jina la mwingine, kimbia. Kosa la kukosa karatasi lina maelezo, la karatasi ya bandia halina.

Wakati huo huo mwangalie kijana mwenyewe. Halali usiku? Anashtuka mlango ukigongwa, hataki kula, anakaa peke yake kwenye mikorosho mchana kutwa? Aliyotoka kuyaona huenda ni mazito, na hilo linahitaji mtu wa afya, anzeni zahanati, mkielekezwa fikeni hospitali ya Ligula, Mtwara mjini. Na kama kuna mtu yeyote anayempigia au anayempigia mwanao kuwaahidi kazi ya pesa nyingi ng'ambo, mafunzo ya bure, boda boda mpya bila mkopo, hapo usiniandikie mimi barua. Siku hiyo hiyo nenda kwa polisi kata, au piga 112.

Mwenyekiti atakuuliza nyumbani mko wangapi. Mjibu idadi kamili, na useme mmoja ni mtoto wa dada yako.